Herufi Zikipandana, Anza na Kigari

Taipureta ikianza kuandika ovyo, herufi zimebanana hapa na kuachana pale, lawama ya kwanza huangukia herufi. Mtu anachukua koleo, anaukunja mkono wa herufi kidogo, anajaribu, anakunja tena, na kufika jioni mashine iliyokuwa na kasoro moja ina kasoro tatu. Mwenye kosa muda wote huo ametulia zake kwa nyuma, hajaguswa.

Kwenye taipureta ya kawaida, herufi zote hupiga mahali pamoja, katikati ya mashine, tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Kinachohama ni karatasi. Karatasi imeshikwa na rola, rola imebebwa na kigari, na kigari hutembea kwenda kushoto hatua moja kwa kila herufi. Kwa hiyo umbali kati ya herufi na herufi hauamuliwi na herufi. Unaamuliwa na kigari: kimetembea kiasi gani, kimesimama wapi, na pale kiliposimama kimetulia au kinatikisika. Ndiyo maana katika ushauri huu mikono ya herufi itakuwa ya mwisho kuguswa.

Nazungumzia mashine za mkono, zile zinazofanya kazi hata umeme ukikatika: Olympia, Olivetti, Hermes, Imperial, Remington na wenzao. IBM Selectric, iliyotoka mwaka 1961, ina habari yake nyingine. Humo rola haiendi kando hata kidogo, kinachotembea ni mpira mdogo wenye herufi zote. Ukiwa na hiyo, tafuta fundi wa mashine za umeme.

Hatua moja inavyopatikana

Nyuma ya mashine kuna kamba nyembamba au ukanda unaokivuta kigari kuelekea kushoto. Ncha ya pili ya kamba imezungushwa kwenye kopo dogo la chuma lenye springi ndani yake. Unapokirudisha kigari kulia ili uanze mstari mpya, unaijaza springi nguvu; unapoandika, springi inaitumia nguvu hiyo kidogo kidogo. Maana yake ni kwamba springi ina nguvu nyingi kuliko wakati wote mwanzoni mwa mstari, na imechoka kuliko wakati wote mwishoni. Lishike hilo, litakufaa baadaye.

Kigari kinavutwa wakati wote, ila kinazuiwa. Chini yake kuna upau wenye meno, ulioshikana na gia ndogo, na gia hiyo iko kwenye mhimili mmoja na gurudumu lenye meno makali. Gurudumu linazuiwa na ndimi mbili za chuma. Mmoja ni imara, hausogei kando. Wa pili unacheza kidogo na una springi yake ndogo. Ukibonyeza kitufe, mkono wa herufi ukikaribia karatasi husukuma fito moja inayohudumia herufi zote, na fito hiyo huzitikisa ndimi: ulimi imara unaingia kati ya meno na kulishika gurudumu, ulimi unaocheza unatoka na kurushwa na springi yake kuelekea jino linalofuata. Ukiachia kitufe, ulimi imara unatoka, gurudumu linazunguka, na ulimi unaocheza unalidaka. Hiyo ndiyo hatua moja.

Ukitazama vizuri utaona kwamba kwenye mashine nyingi kigari husogea hasa wakati kitufe kinaachiwa. Huku kubonyeza kwenyewe hukisogeza kidogo sana. Kwa hiyo mpiga taipu anayelaza kidole kwenye kitufe, akakiachia huku kidole kingine tayari kimebonyeza, anakinyima kigari nafasi ya kwenda. Herufi ya pili itapanda juu ya ya kwanza, na mashine itasingiziwa. Piga kitufe na kukiachia papo hapo, kwa mwendo ulio sawa. Waliofundishwa kupiga taipu kwa mdundo hawakuwa wakichezeshwa.

Urefu wa hatua yenyewe haurekebishwi kwa bisibisi. Umechongwa kwenye meno ya upau na ya gurudumu. Mashine za herufi kubwakubwa, zinazoitwa paika, huandika herufi 10 kwa inchi, yaani kila hatua ni milimita 2.54. Za herufi ndogo, elaiti, huandika 12 kwa inchi, karibu milimita 2.12. Kuna mashine za Ulaya bara zenye hatua za 2.3 au 2.6. Kujua hatua ya mashine yako ni muhimu kabla ya kuituhumu.

Kuna jambo jingine ambalo si kasoro, nalo hulalamikiwa sana. Hatua ni ile ile kwa i na kwa m. Wachongaji wa herufi waliipa i miguu mipana ili ijaze nafasi yake, na m wakaibana ili iingie. Kiswahili kina mw nyingi, basi neno kama "mwimbaji" litaonekana limesongamana mwanzoni na kupumua mwishoni, hata kwenye mashine iliyotoka kiwandani leo. Aliyeshindwa kuvumilia hali hiyo ni IBM, ambayo katika miaka ya 1940 ilileta mashine ya umeme iitwayo Executive, ambayo kigari chake kilikwenda hatua fupi kwa herufi nyembamba na ndefu kwa herufi pana. Ilipendeza sana machoni. Kufuta kosa juu yake kulikuwa adhabu, kwa sababu ilibidi mwandishi akumbuke kila herufi imekula vipande vingapi kabla ya kurudi nyuma.

Karatasi ya majaribio

Usifungue skrubu yoyote kabla ya karatasi kusema. Ingiza karatasi mbili pamoja, ya nyuma iwe ya kuikinga rola, kisha andika mistari ifuatayo.

Mstari wa kwanza uwe wa n tupu, kutoka pambizo ya kushoto hadi ya kulia, kwa mwendo wa kawaida. Chukua rula. Kwa mashine ya paika, kutoka ukingo wa kushoto wa herufi ya 1 hadi ukingo wa kushoto wa herufi ya 51 pawe na milimita 127. Kwa elaiti, milimita hizo hizo 127 zifikie herufi ya 61. Kipimo kikitimia na nafasi zikawa sawa njia nzima, kigari chako ni kizima, shida iko kwingine. Kipimo kikizidi, kuna mahali kigari kiliruka. Kikipungua, kuna mahali kilikwama.

Mstari wa pili andika "kaka kaka kaka" kwa kasi yote uliyo nayo. Nimelichagua neno hili kwa sababu k iko mkono wa kulia na a iko mkono wa kushoto, hivyo mikono hupokezana na kasi hupanda haraka. Kigari kizembe kitajulikana hapa.

Mstari wa tatu ni HnHnHnHn. Huu mafundi wa taipureta wameutumia miaka na miaka, maana miguu ya H na ya n imenyooka na hukaa juu ya mstari mmoja. Jicho linaona mara moja herufi kubwa zikipanda au kushuka.

Mstari wa nne, andika n, rudi nyuma kwa kitufe cha kurudi, andika n tena juu yake. Fanya hivyo mahali kadhaa kwenye mstari. Ikionekana n moja iliyokolea, vizuri. Ukiona n mbili zilizopishana kwa unywele, ndimi au meno yamelika, au kigari kinacheza kwenye reli zake.

Malizia kwa aya moja ya Kiswahili cha kawaida, na uitazame a. Ndiyo herufi tunayoitumia kuliko zote, na kwenye mpangilio wa vitufe tuliorithi kutoka kwa Wamarekani inapigwa kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Basi a ikiwa imefifia kuliko jirani zake, mpe mtu mwingine aiandike kwa kidole cha shahada kabla hujaigusa mashine. Na tumbo lake likiwa limeziba wino, hiyo ni kazi ya brashi na spiriti kidogo.

Kupandana

Sasa soma karatasi. Kama herufi zinabanana zaidi upande wa kulia wa ukurasa, rudi kwenye lile nililosema lishike: mwisho wa mstari springi imechoka. Kuna kitu kinachokipa kigari mzigo, au springi yenyewe imelegea. Tumia mkono kwanza. Achia kigari kwa wenzo wake huku umekishika, ukisindikize polepole kutoka kulia hadi kushoto. Mkono utahisi mahali kinapokwaruza. Kikikwaruza mahali pale pale kila mara, kuna uchafu, kipande cha karatasi au kituo cha kuruka safu kilichojitokeza. Kikiwa kizito njia nzima, mafuta ya zamani yamekauka kwenye reli.

Mara nyingi uchafu wenyewe ni vumbi la raba ya kufutia. Mtu anafuta kosa katikati ya mstari, na makombo yote yanadondokea ndani, moja kwa moja juu ya ndimi na gurudumu. Wapiga taipu waliofunzwa vizuri hukisukuma kigari mpaka pembeni kabisa ndipo wafute, makombo yaanguke mezani. Tabia hiyo peke yake huongeza umri wa mashine.

Safisha reli kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, kausha, weka tone moja la mafuta ya cherehani kila upande, sogeza kigari huku na huku, kisha futa yaliyozidi. Mafuta ya kupikia na ya injini hayafai. Yakikauka yanakuwa gundi. Na kile chuma chenye mifereji kinachoshika mikono ya herufi kiache kikavu kabisa, usikipe hata tone. Mikono ya herufi ikilowa mafuta hukusanya vumbi na kurudi kwa uvivu, na mkono usiporudi ndimi hubaki zimeshikwa, kigari kinachelewa. Hiyo ndiyo sababu ya herufi kupandana baada ya herufi moja fulani tu, tuseme kila baada ya u, wakati nyingine zote ziko sawa. Piga brashi mfereji wa herufi hiyo kwa spiriti mpaka mkono uanguke wenyewe bila kusitasita.

Baada ya usafi ndipo unaweza kufikiria kukaza springi. Kwenye mashine nyingi lile kopo la springi liko nyuma, upande wa kushoto, na lina gia yenye ulimi au skrubu ya kukazia. Kaza jino moja tu, kisha jaribu: peleka kigari karibu na mwisho wa mstari na upige kitufe cha nafasi haraka haraka. Kikifika hatua ya mwisho bila kusita, inatosha. Usikaze kwa sababu una nafasi ya kukaza. Springi iliyozidi nguvu hupiga gurudumu kwa kishindo kila hatua, ulimi unaocheza unashindwa kudaka, na sasa utakuwa umebadilisha kupandana kwa kuruka.

Kuruka, na kivuli

Kigari kikiruka mwanzoni mwa mstari na kutulia kuelekea mwishoni, springi imekazwa kupita kiasi. Kikiruka popote bila mpango, angalia springi ndogo ya ulimi unaocheza; ikichoka au ikiwa na gundi ya mafuta, ulimi hurudi kwa kuchelewa na jino moja hupita. Kikiruka unapobonyeza kitufe cha nafasi tu, ndimi hazina kosa, kuna kiungo cha kitufe hicho kilicholegea.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu halihitaji chombo chochote. Bonyeza kitufe polepole sana kwa kidole, ukikiangalia kichwa cha herufi kinavyoikaribia karatasi. Utasikia mlio mdogo wa ndimi zikibadilishana. Usikike kichwa kikiwa kimeshakaribia kabisa, pamebaki kidogo tu kigonge. Ukisikika mapema mno, kigari huanza kujongea kabla herufi haijagonga, nayo huacha kivuli pembeni. Ukichelewa au usisikike, herufi iliyopigwa kwa wepesi itachapa bila kigari kwenda, na inayofuata itapanda juu yake. Jaribu vitufe vya katikati na vya pembeni. Herufi zote zikiwa na tatizo moja, fito ya pamoja imepotoka, mpe fundi. Ikiwa ni herufi moja, kiungo cha herufi hiyo kimekunjwa au kina uchafu.

Kuhusu kivuli, mwandishi naye huchangia. Anayekandamiza kitufe mpaka chini badala ya kukipiga hufanya herufi igonge mara mbili.

Pambizo inayoyumba

Ukingo wa kushoto wa ukurasa husomeka kirahisi ukijua aina tatu za kuyumba. Ukingo ukiegemea upande mmoja polepole kutoka juu hadi chini, karatasi iliingia imepinda. Fungua wenzo wa kuachia karatasi, linganisha pembe za juu na za chini, funga. Ukingo ukiingia na kutoka kwa herufi nzima, mstari huu umeanza herufi moja ndani, ule umerudi, basi kigari kinadunda kwenye kizuizi cha pambizo. Ndivyo inavyokuwa mtu anapokirudisha kwa kukitupa. Kisindikize mpaka kiguse, usikirushe. Na kuyumba kukiwa chini ya herufi moja, nusu au robo, kizuizi chenyewe kimelegea au gurudumu halikai vizuri kwenye ulimi.

Juu na chini

Hapa ndipo aina ya mashine inapoanza kuwa na maana. Remington namba 2, ya mwaka 1878, ndiyo iliyoleta herufi kubwa na ndogo kwenye mashine moja kwa njia ya kusogeza kigari, na wazo la msingi halijabadilika: kila kichwa cha herufi kina alama mbili, kubwa juu na ndogo chini, na kitufe cha herufi kubwa huchagua ipi igonge karatasi. Mashine nyingine hufanya hivyo kwa kukiinua kigari kizima, nyingine kwa kuishusha mikono yote ya herufi. Olympia SM3 huinua kigari. Mdogo wake SM9 hushusha mikono. Utajua yako kwa kubonyeza kitufe hicho na kuangalia nini kinatembea. Kidole cha mwisho pia kitakuambia, maana kuinua kigari ni kazi nzito.

Kama HnHn imeonyesha H zote zimepanda au zimeshuka kwa kiasi kile kile, kitu hakifiki kwenye kituo chake. Kabla ya kulaumu mashine, hakikisha unabonyeza mpaka mwisho. Kidole kilichochoka hutoa herufi kubwa zinazoelea. Kisha angalia vituo vyenyewe. Kwenye mashine ya kuinua kigari, uchafu au mpira uliovimba chini ya kituo hukiacha kigari juu kidogo kinapopumzika. Karatasi ikiwa juu huku herufi inagonga mahali pake pale pale, herufi ndogo zitaonekana zimeshuka kwenye mstari. Safisha kwanza. Skrubu za kurekebisha vituo zipo, kila moja na nati yake ya kuifunga, lakini zungusha robo mzunguko tu kwa wakati mmoja, uandike HnHn, uangalie. Asiye na subira asiziguse.

Mistari yenyewe ikikaa kwa umbali usio sawa, hilo ni la rola. Kwa kawaida mistari 6 huingia katika inchi moja, milimita 4.23 kila mmoja. Mpira wa rola ukizeeka hukauka na kung'aa, karatasi inateleza, mstari mmoja unakaribiana na mwingine. Kuifuta rola kwa spiriti huirudishia mshiko kwa muda, na karatasi ya pili nyuma husaidia sana. Rola usiipake mafuta wala petroli, mpira huvimba. Angalia vilevile rola ndogo za chini zinazobana karatasi; zikiwa zimebonyea upande mmoja kwa kukaa miaka mingi bila kutumika, karatasi itapinda kila unapoisogeza.

Ni baada ya haya yote ndipo herufi moja moja hupata zamu yake. Herufi moja tu ikiegemea kando au ikikaa juu ya wenzake, wengine wote wakiwa wamenyooka, mkono wake umekunjika, kwa kawaida kutokana na mikono miwili kugongana na mtu kuitenganisha kwa nguvu. Kasoro za namna hiyo ni za mashine moja na si za nyingine. Arthur Conan Doyle alimfanya Sherlock Holmes amtambue mwenye barua kwa kasoro za herufi za mashine yake, katika hadithi iliyotoka mwaka 1891, na wapelelezi wa kweli walikuja kuitegemea njia hiyo. Kunyoosha mkono wa herufi kunahitaji koleo maalumu na jicho lililozoea. Lipa fundi.

Kamba ikikatika

Kigari kisipokwenda kabisa, kila herufi ikigonga mahali pamoja, karibu mara zote ni kamba. Hii unaweza kuifanya mwenyewe. Uzi imara wa kuvulia samaki unafaa. Lipo sharti moja: lile kopo la springi usiliachie lizunguke lenyewe, springi inaweza kujifungua kwa kishindo na kukatika. Lishike kwa kidole, funga uzi kwenye kopo, lizungushe mizunguko michache kuijaza springi, kisha peleka ncha kwenye kigari na uifunge kwa fundo dogo lisilokwaruza. Ikiwa kamba bado haijakatika ila imechakaa, hesabu mizunguko wakati unaifungua, urudishe hiyo hiyo. Zingatia uzi unapita palepale ulipopita ule wa zamani. Ukisugua chuma, umejitengenezea kupandana kupya.

Kuvua kigari chote ni jambo jingine. Kinakaa juu ya gololi au vigurudumu vidogo vilivyopangwa kwenye reli, na vikitoka kwenye mpangilio kigari kitaishia katikati ya safari. Nimeona mashine nzuri zikigeuzwa mapambo ya kabati kwa sababu ya gololi moja iliyoviringika chini ya meza.

Kulenga mstari wa fomu

Anayeandikia watu fomu na hati anajua kwamba mashine nzima bado haitoshi, maneno lazima yakae juu ya vitone vilivyokwisha kuchapwa. Karibu na mahali herufi zinapogonga kuna kipande chembamba cha chuma au plastiki angavu, chenye ukingo ulionyooka na alama za wima. Wengi hukiona kama pambo. Ingiza karatasi ya kutupa, andika iii, na uangalie mambo mawili: miguu ya herufi imekaa umbali gani juu ya ule ukingo, na alama ya wima inaelekea wapi kwenye i. Ukishaijua picha hiyo, ingiza fomu, fungua wenzo wa kuachia karatasi na uisogeze mpaka vitone vikae kidogo tu chini ya pale miguu ya herufi itakapokuwa. Kwa usawa wa juu na chini, tumia kitufe kilichoko kwenye ncha ya rola. Ukikibonyeza au kukivuta, kutegemea mashine, rola huzunguka bila kufuata meno ya mistari. Mikia ya g, y na j itavikata vitone, nayo ni sawa. Kwa njia hiyo hiyo unaweza kurudisha ukurasa uliokwisha kutolewa na kuongeza neno bila mtu kujua.

Na kwa neno lililokosewa, kuna mbinu ya nusu hatua. Baadhi ya mashine, ukibonyeza kitufe cha nafasi na kukishikilia, kigari husogea nusu hatua, na ukikiachia humalizia nusu iliyobaki. Tuseme uliandika "kuta" ukikusudia "kutwa". Futa neno. Peleka kigari kwenye nafasi tupu iliyo kabla yake, shikilia kitufe cha nafasi, andika k, achia; shikilia tena, andika u, achia; hivyo hivyo mpaka mwisho. Herufi tano zitaingia palipokuwa na nne, zikiacha nusu nafasi kila upande.

Kama unakwenda kununua mashine iliyotumika, nenda na karatasi yako mwenyewe na rula, uandike mistari ile ya majaribio mbele ya muuzaji. Kupandana mwisho wa mstari, kamba iliyokatika, H zilizopanda kidogo, rola ngumu: hizo ni sababu za kupunguziwa bei, kwa kuwa zinatengenezeka. Kuruka kusikokoma hata baada ya kulegeza springi, pamoja na n mbili zilizopishana kila unaporudi nyuma, maana yake meno yamelika, na meno ya kubadilisha hupatikana kwa kuivunja mashine nyingine ya aina hiyo hiyo. Hiyo iache dukani.